Vita vya kisaikolojia wakati wa amani viwe mikononi mwa nani?

Swali la msomaji: "Mwalimu, shikamoo. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu Vita Baridi na nimekwama mahali pamoja. Baada ya 1945 serikali ya Marekani ilibishana miaka mingi kuhusu idara ipi isimamie vita vya kisaikolojia wakati ambapo hakuna vita. Mwishowe kazi ikaangukia CIA. Je, uamuzi ule ulikuwa sahihi? Na kama ungekuwa wewe, ungemkabidhi nani: jeshi, Wizara ya Mambo ya Nje, idara ya ujasusi, au chombo kipya kabisa?"

Marahaba. Nianze na jibu lenyewe, sababu zifuate. Kazi yote ya wazi, yaani propaganda inayotolewa kwa jina la serikali, ningeipa Wizara ya Mambo ya Nje. Kazi ya siri ningeiweka chini ya saini ya waziri huyohuyo, iwe ndogo kiasi kwamba inaweza kukaa miaka bila kutumika. Jeshi ningeliachia kufundisha watu wake na kupanga kwa ajili ya siku ya vita. CIA ingebaki na kazi ya kukusanya na kuchambua habari. Maneno yanayopelekwa kwa watu wa nchi nyingine kwa niaba ya dola ni ahadi, hata yasiposema "tunaahidi", na ahadi inapaswa kutolewa na yule atakayedaiwa. Mwaka 1947 Wamarekani waliipa kazi hiyo idara ambayo, kwa jinsi ilivyoundwa, haidaiki.

Kabla ya 1947, tazama kwanza walichokuwa nacho na wakakibomoa. Juni 1942 Rais Roosevelt aliigawa kazi ya propaganda mara mbili. Ofisi ya Habari za Vita, OWI, ikapewa mwanahabari wa redio Elmer Davis, na Sauti ya Amerika, redio ya serikali, ikawa chini yake. OSS, idara ya ujasusi ya wakati wa vita iliyoongozwa na William Donovan, ikabaki na upelelezi pamoja na propaganda ambayo adui hatakiwi kujua imetoka wapi. Hapo ndipo ule mgawanyo wa propaganda nyeupe na nyeusi ulipopata ofisi zake, na baadaye wakaongeza ya kijivu katikati, isiyo na jina lolote chini yake. Wanafunzi wengi hukosea hapa. Rangi hizo hazipimi ukweli wa maneno. Zinapima jina lililowekwa chini yake. Habari ya kweli tupu ikitolewa kwa jina la kundi lisilokuwepo ni propaganda nyeusi, na uongo ukisomwa na mtangazaji wa serikali anayejitambulisha ni nyeupe. Ukilishika hilo utaona kwa nini mabishano ya 1947 yalihusu zaidi nani atajulikana na nani atafichwa, kuliko nani anaijua kazi.

Vita vilipokwisha, Rais Truman alivunja OWI kwa amri ya tarehe 31 Agosti 1945, na OSS ikafungwa tarehe 1 Oktoba. Sauti ya Amerika na wachambuzi wa OSS wakahamia Wizara ya Mambo ya Nje, wapelelezi wakapelekwa Wizara ya Vita. Uamuzi ule ulikuwa na mantiki yake. Watu waliona propaganda ni silaha ya vita, na silaha hurudishwa ghalani vita vikiisha.

Miaka miwili baadaye hali ilikuwa nyingine. Vyama vya kikomunisti vya Ufaransa na Italia vilikuwa na nguvu kubwa, Moscow ilianzisha Cominform, umoja wa vyama vya kikomunisti, Septemba 1947, na Italia ilikuwa inakwenda kwenye uchaguzi wa Aprili 1948. Washington ilikubaliana upesi kwamba lazima ijibu. Iliyobaki ilikuwa kumtafuta mwenye kazi, na hapa nakuomba uende polepole, kwa sababu karibu kila kosa la baadaye lina mzizi katika miezi ya Septemba hadi Desemba 1947.

Sheria ya Usalama wa Taifa ilisainiwa Julai 26 mwaka huo. Ilianzisha Baraza la Usalama la Taifa na CIA. Ndani yake kuna kifungu kinachoipa CIA majukumu mengine yanayohusiana na ujasusi kadiri Baraza litakavyoelekeza. Mkurugenzi wake, Admirali Roscoe Hillenkoetter, alipata ushauri wa mwanasheria mkuu wa idara, Lawrence Houston: je, kifungu hicho kinaruhusu propaganda ya siri na hujuma? Houston alijibu kwa waraka wa tarehe 25 Septemba 1947, na jibu lake lilikuwa hapana. Kwa maoni yake, kufanya hivyo kungekuwa kuivuta sheria kupita mipaka yake, na idara ingehitaji kurudi Bungeni kuomba idhini na fedha. Idara ilikuwa na umri wa wiki moja tu, na mwanasheria wake mwenyewe tayari alikuwa ameandika kwamba kazi hii si yake. Ningekushauri uipe karatasi ile nafasi kubwa katika tasnifu yako. Haikufuatwa, lakini inaonyesha kwamba mtu aliyekuwa ndani aliliona tatizo mapema.

Novemba, kamati ya pamoja ya wizara na majeshi ilipendekeza propaganda ya wazi na ya siri zote ziwe chini ya Waziri wa Mambo ya Nje. Truman alikubali. Hazikupita wiki tatu, uamuzi ukageuzwa, na aliyeupinga kwa nguvu alikuwa waziri mwenyewe, George Marshall. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Alikuwa ameweka heshima yake yote kwenye mpango wa kuisaidia Ulaya kiuchumi, ule unaoitwa kwa jina lake. Siku ingebainika kwamba wizara inayogawa ngano na mashine ndiyo inayochapisha vipeperushi vya majina ya kubuni, msaada wote ungetiliwa shaka. Kwa hiyo alisema kazi ifanyike, ila isifanyike kwake.

Siku zote nimeiona sentensi hiyo ya mwisho kuwa kiini cha suala zima. Kama jambo litaharibu sera yako likijulikana, basi limo ndani ya sera yako, na kulihamishia ofisi ya jirani hakulitoi humo. Marshall alikuwa na njia mbili za uaminifu: kulikataa kabisa, au kulikubali na kulisimamia. Alichagua ya tatu, na mfumo mzima ukajengwa juu ya chaguo hilo.

Majeshi nayo hayakuwa suluhisho. Afisa mwenye sare akiendesha propaganda wakati wa amani, upande wa pili utasoma kila karatasi kama maandalizi ya kushambulia. Wakuu wa majeshi walichotaka ni kuwa na sauti pindi vita vikizuka, na hilo walipewa.

Ikabaki CIA. Desemba 1947 Baraza lilitoa maagizo mawili pacha. La kwanza, NSC 4 (NSC ni kifupi cha jina la Baraza kwa Kiingereza), lilimpa Waziri wa Mambo ya Nje uratibu wa habari za wazi kwa mataifa ya nje. La pili, NSC 4-A, lilimpa Mkurugenzi wa CIA shughuli za siri za kisaikolojia. Kwa nini yeye? Zilitajwa sababu kadhaa, lakini wanahistoria wa Wizara ya Mambo ya Nje yenyewe, walipokuja kuchapisha nyaraka hizo, waliandika waziwazi kwamba sehemu ya sababu ilikuwa fedha. CIA ilikuwa na fungu lisilohitaji hati za malipo. Mwaka 1949 jambo hilo likapewa nguvu kamili ya sheria: kwa matumizi ya siri, saini ya mkurugenzi ikawa hati ya kutosha. Hakuna risiti, hakuna mkaguzi, hakuna kamati ya Bunge inayouliza karatasi ngapi zilichapwa na zilisema nini. Idara ikapata kazi kwa sababu ya mkoba wake. Maarifa ya lugha, ya vyombo vya habari, ya watu wa Prague au Budapest, hayo yalikuwa yatafutwe baadaye.

Mambo hayakutulia. George Kennan, aliyeongoza idara ya mipango ya sera katika Wizara ya Mambo ya Nje, aliona kwamba wizara imejinyima usukani. Mei 1948 aliandika waraka akitaka kile alichokiita vita vya kisiasa vipangwe rasmi, na wizara iwe na mkono ndani yake. Matokeo yalikuwa agizo NSC 10/2 la Juni 18, 1948, na humo mambo mawili yalibadilika. Kwanza, kazi iliongezeka: kutoka shughuli za kisaikolojia hadi hujuma, msaada kwa makundi ya upinzani, vita vya kiuchumi. Pili, likawekwa sharti kwamba shughuli ipangwe kwa namna ambayo ikigunduliwa, serikali iweze kuikana kwa maneno yanayoaminika.

Ofisi iliyozaliwa, iliyopewa jina la kupoza, Ofisi ya Uratibu wa Sera, ilianza Septemba 1948 chini ya Frank Wisner. Mkuu wake aliteuliwa na Waziri wa Mambo ya Nje. Mwongozo wa sera ulitoka Wizara ya Mambo ya Nje na Wizara ya Ulinzi. Mishahara na bajeti vilitoka CIA, lakini mkurugenzi wa CIA hakuwa na amri halisi juu yake. Mtoto wa watu wote, na kila mzee akidhani mwenzake ndiye anayemwangalia. Takwimu za kamati ya Seneti iliyochunguza mambo haya katikati ya miaka ya 1970 zinaeleza kilichofuata. Mwaka 1949 ofisi ilikuwa na watumishi 302, vituo 7 nje ya nchi na bajeti ya dola milioni 4.7. Mwaka 1952 ilikuwa na watumishi 2,812, wengine 3,142 wa mikataba nje ya nchi, vituo 47 na bajeti ya dola milioni 82. Vita vya Korea vilichangia sana, hilo sipingi. Lakini ukuaji wa namna hiyo katika miaka mitatu unahitaji pia ukosefu wa mtu wa kusema "inatosha". Kennan mwenyewe alifika mbele ya kamati hiyo mwaka 1975 akaeleza kwamba walikuwa wamefikiria chombo kidogo cha kutumiwa pale haja itakapotokea, na kwamba huenda ingepita miaka bila haja hiyo kutokea. Haikwenda kama alivyodhani.

Walter Bedell Smith alipoichukua CIA Oktoba 1950 aliiweka ofisi ya Wisner chini ya amri yake, na mwaka 1952 ikaunganishwa na wapelelezi wa kawaida. Ndani ya CIA mambo yakanyooka. Swali lako lakini halikujibiwa, kwa sababu kati ya wizara na wizara vurugu ilibaki palepale.

Hapo wakajaribu chombo kipya, lile chaguo la nne katika swali lako. Aprili 1951 Truman aliunda Bodi ya Mkakati wa Kisaikolojia. Wajumbe walikuwa naibu wa Waziri wa Mambo ya Nje, naibu wa Waziri wa Ulinzi na Mkurugenzi wa CIA, na mkurugenzi wa kwanza wa bodi akawa Gordon Gray. Bodi ilikuwa na wataalamu wazuri na makabrasha mengi. Haikuwa na redio, haikuwa na balozi, haikuwa na fedha za shughuli, na haikuweza kumwamuru mtu yeyote. Maofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje waliiona kama mgeni anayetaka kuingia jikoni: bodi ilipouliza sera kuhusu nchi fulani ni ipi ili ipange namna ya kuisemea, iliambiwa sera si shughuli yake. Mwaka 1953 ikafutwa.

Kamati aliyoiunda Rais Eisenhower alipoingia madarakani, chini ya William H. Jackson, ilitoa ripoti Juni 30, 1953, na ilisema jambo ambalo kwangu ndilo jibu bora lililowahi kutoka ndani ya serikali ile. Ilisema bodi ilijengwa juu ya dhana potofu: kwamba kuna kitu kinachoitwa shughuli za kisaikolojia kilichosimama peke yake, mbali na sera na matendo ya serikali. Hakipo. Kila tendo la kidiplomasia, kiuchumi au kijeshi lina upande wake wa kisaikolojia, na maneno yasiyobebwa na tendo hayana uzito. Baada ya ripoti hiyo bodi ikapisha kamati ya uratibu wa utekelezaji. Mwaka huohuo, Agosti 1, 1953, habari za wazi zilitolewa wizarani na kupewa wakala mpya, USIA, ambao nje ya Marekani watu waliujua kama USIS. Wazee wa Nairobi na Dar es Salaam waliopita katika maktaba zake wanalikumbuka jina hilo. Wakala ule ulikuja kurudishwa wizarani Oktoba 1999.

Upande wa siri ulibaki kwa CIA. Na huko ndiko kulikokuwa na moto.

Radio Free Europe, redio iliyowatangazia watu wa Ulaya Mashariki, ilianza kutangaza Julai 1950. Kwa jina ilikuwa ya raia wa Marekani waliochangishana; fedha zake kubwa zilitoka CIA. Kuanzia Agosti 1951 kamati iliyoiendesha ilirusha pia maputo kutoka Bavaria, usiku, upepo ukielekea mashariki, yakapasuka juu ya Chekoslovakia na kumwaga vipeperushi. Studio zilikuwa Munich, na dawati la Hungaria lilijaa wakimbizi wa Hungaria, watu wenye uchungu wa kweli na nchi yao. Sasa soma mambo mawili haya kwa pamoja. Tarehe 27 Oktoba 1956, siku nne baada ya Budapest kuinuka dhidi ya utawala wa Kisovieti, Waziri wa Mambo ya Nje John Foster Dulles alisema hadharani huko Dallas kwamba Marekani haiyatazami mataifa hayo kama washirika wa kijeshi. Ulikuwa ujumbe kwa Moscow: hatuji. Tarehe 4 Novemba, vifaru vya Kisovieti vikiwa vinaingia Budapest, kipindi cha magazeti cha Radio Free Europe kwa Kihungaria kilinukuu makala ya mwandishi wa gazeti la Observer aliyekuwa Washington. Alikuwa ameandika kwamba Wahungaria wakiweza kushikilia siku tatu au nne, shinikizo la kuitaka Marekani ipeleke msaada wa kijeshi litakuwa halizuiliki.

Mtangazaji hakuamriwa na Washington aseme hivyo. Alisoma gazeti. Lakini fikiria aliyekuwa akisikiliza kwenye orofa ya chini, bunduki mkononi, akiamua kama ashuke barabarani au avuke mpaka kwenda Austria. Kwake ile ilikuwa sauti ya Marekani. Wahungaria wapatao 2,500 walikufa katika mapigano yale na watu wapatao 200,000 wakakimbia nchi. Sisemi redio ndiyo iliyowaua. Vifaru viliwaua. Ninachosema ni kwamba nchi moja ilizungumza kwa vinywa viwili katika wiki moja, na kinywa cha pili kilikuwa katika nyumba ambayo waziri hakuwa na ufunguo wake. Ndiyo bei ya uamuzi wa Desemba 1947.

Najua pingamizi utakalokutana nalo mbele ya jopo, na ni zito. Uingereza ilifanya ninachopendekeza. Januari 1948 iliunda Idara ya Utafiti wa Habari, IRD, ndani ya Wizara yake ya Mambo ya Nje, na idara ile ilifanya kazi ya kijivu na nyeusi hadi ilipofungwa mwaka 1977. Je, kuwa wizarani kuliisaidia kuwa na adabu? Tazama Kenya. Nyaraka zilizofunguliwa miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba mwaka 1965 idara hiyo ilitoa maandishi kwa jina la kundi la kubuni, People's Front of East Africa, shabaha ikiwa kumchafua Makamu wa Rais, Jaramogi Oginga Odinga. Kenya ilikuwa nchi huru, mwanachama wa Jumuiya ya Madola, yenye ubalozi wa Uingereza unaokunywa chai na mawaziri wake. Hakukuwa na vita vyovyote kati ya nchi hizo mbili. Wakenya walipotoshwa kuhusu siasa zao wenyewe na wizara ileile iliyokuwa ikiwapa mkono wa urafiki, na lilikuwa jambo baya.

Kwa hiyo sidai kwamba wizara inaitakasa kazi hii. Kuna tofauti moja tu, nayo inatosha kwangu kuamua. IRD ilipofungwa, aliyeifunga alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, David Owen, kwa uamuzi wa kisiasa ndani ya wizara yake. Kulikuwa na mtu mmoja mwenye mamlaka, mwenye jina, mwenye kiti Bungeni, aliyeweza kuuliza kazi hii inatufaa nini na kuikomesha. Upande wa Marekani kila aliyeulizwa alielekeza kidole kwa mwenzake, na ilibidi waandishi wa habari wafichue ndipo milango ifunguke.

Ukiniuliza basi masharti ya kuiweka kazi hii wizarani, nitakupa haya bila kuyapamba. Fungu lake lipigiwe kura Bungeni hata kama maelezo yake yatasomwa faraghani. Kila shughuli ya siri iwe na tarehe ya kufa, ili isihuishwe ila kwa saini mpya. Na shughuli nyeusi dhidi ya nchi yenye ubalozi wako na isiyo na vita nawe isiruhusiwe kabisa. Hilo la mwisho wenzangu wengi hunipinga, wakisema hakuna dola kubwa itakayolikubali. Huenda wako sahihi kuhusu dola kubwa. Mimi uliniuliza ningefanya nini.

Na wakikuambia kwamba bila fedha za siri kazi yenyewe isingewezekana, waonyeshe mwisho wa kisa cha redio ileile. Mwaka 1967 vyombo vya habari vya Marekani vilianika mtiririko wa fedha za CIA. Mwaka 1971 CIA ikaacha kuilipia, Bunge likaanza kuitengea fedha waziwazi, na mwaka 1973 ikawekwa chini ya bodi iliyoundwa kwa sheria. Wasikilizaji wa Warsaw na Prague hawakuzima redio zao walipojua nani analipa. Iliendelea kuwatangazia hadi serikali zile zilipoanguka mwaka 1989, bajeti yake ikiwa inachapishwa kila mwaka.